Tulimdhania Mdogo Wetu

Kaka yetu alitoka Bunda, akaja nyumbani Musoma na kompyuta mpakato ya zamani, ili aombe mkopo wa chuo kabla dirisha la maombi halijafungwa. Simu zetu zilishika intaneti. Kompyuta haikuliona hata jina la ruta. Tukamshutumu mdogo wetu kuwa ameichezea ruta. Akalia. Tukaizima, tukaiwasha, wapi! Mtoto wa mjomba aliyeko Butiama akatueleza kwa simu: ruta inarusha mawimbi ya gigahezi 5 tu, na kompyuta ile inapokea ya 2.4 pekee. Tukaingia kwenye mipangilio, tukawasha ya 2.4, ikashika. Maombi yakaenda usiku uleule. Mdogo wetu tulimwomba radhi. Tuchunguze kwanza, ndipo tuseme.