Upepo Uliochoka

Ninasomea uhandisi mjini Kampala, na Kiswahili ni somo nililolichukua kwa hiari. Mwalimu wetu alimtaka kila mmoja aeleze jambo moja la fani yake kwa lugha hii. Nimechagua namna mitambo ya umeme wa upepo inavyoathiriana.

Mtambo huzalisha umeme kwa kuuondolea upepo sehemu ya nguvu zake. Kwa hiyo upepo unaotoka nyuma ya mapanga huwa umepungua kasi na umejaa msukosuko. Mtambo wa nyuma huupokea ukiwa umechoka hivyo. Kadiri unavyosonga mbele, upepo wa pembeni huchanganyika nao na kasi hurudi polepole.

Mwaka 1983 N. O. Jensen, mtafiti wa maabara ya Risø nchini Denmark, alitoa kanuni rahisi ya kukokotoa hali hiyo. Aliuchukulia upepo uliochoka kama faneli: unavyokwenda mbali ndivyo unavyopanuka, na upungufu wa kasi ndivyo unavyofifia. Nilitumia thamani zilizozoeleka kwa nchi kavu, nikauweka mtambo mmoja nyuma ya mwenzake kwa umbali wa vipenyo vitano vya duara la mapanga. Kasi ilipungua kwa asilimia 18. Si nyingi, mpaka ukumbuke kwamba nguvu ya upepo hufuata kipeo cha tatu cha kasi. Nguvu ilipungua kwa asilimia 45 hivi. Nilipoongeza umbali mara mbili, hasara ilishuka hadi karibu robo.

Kwa jirani zetu Kenya, mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850. Upepo wa huko huvuma karibu wakati wote kutoka kusini-mashariki, jambo linalorahisisha kuipanga mitambo kwa safu zinazoukabili. Mahali ambapo upepo hugeukageuka, mpangaji hana budi kukokotoa kila upande.

Lililonishangaza zaidi ni hili. Mtambo wa mbele ukigeuzwa kidogo, usiukabili upepo sawasawa, wenyewe hupoteza umeme kiasi. Lakini upepo uliochoka husogezwa pembeni, wa nyuma ukapata zaidi, na katika hali fulani jumla ya mradi huongezeka. Kila mtambo ukijivutia wake tu, si lazima wote kwa pamoja wapate kingi.

Mimi ni kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne. Kila muhula karo yangu ndiyo iliyolipwa kwanza, wadogo zangu wakapata kilichosalia. Mwaka nilioingia chuo kikuu, anayenifuata alikaa nyumbani muhula mzima. Hakuna aliyenilaumu. Mama husema mkubwa akishafika, atawavuta wenzake. Huenda ni kweli, lakini hasara ya aliye nyuma haingoji mkubwa afike, anaipata leo.

Tangu muhula uliopita ninafundisha watoto hisabati jioni, na malipo yake yanakwenda kwenye karo ya mdogo wangu. Alama zangu zimeshuka kidogo, na mama hakufurahi alipoyaona matokeo. Mdogo wangu amerudi darasani.