Safari Yetu ya Ihanja

Wengi hudhani kuwa mji wenye historia hauna budi kuwa na ngome na magofu. Sisi tulifika Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida, wala hatukukuta ngome, tulikuta mnada.

Tuliondoka Singida mjini mwezi wa Juni, baada ya Sala ya Alfajiri, tukashika njia ya Dodoma mpaka Puma. Hapo tukaiacha lami tukaelekea magharibi. Huku na huku majabali yamepandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono, na baina yake yako mashamba ya uwele, mtama na alizeti. Mvua ya nchi hii ni ya msimu mmoja tu. Ikikosa, hakuna ya pili ya kuitegemea. Nyumba za tembe, zenye paa bapa la udongo, zimekuwa chache, maana bati limeshinda. (Tuliingia moja kuomba maji, tukatamani tusitoke, kwa ubaridi wake.)

Mwanachuoni wa Kimarekani, Harold Schneider, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya Wanyaturu, alieleza jinsi samadi ya ng'ombe inavyorutubisha shamba, na nafaka inayozidi ikabadilishwa kwa mifugo. Basi ng'ombe huzaa nafaka, na nafaka huzaa ng'ombe; kwa hiyo kipimo cha nafaka ndicho mali ya nyumba.

Mnadani, kando ya mbuzi na kuku, mama mmoja alikuwa akiuza alizeti. Mnunuzi, kijana wa rika la wanetu, alilijaza debe, akalitikisa, akalijaza tena, kisha akalivika kilemba kirefu, akalipa bei ya debe moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikijui kilemba hicho. Na mtoto wa madrasa anaijua Sura ya Al-Mutaffifin. Lakini mama alinyamaza, kwani sare za wanawe zilikuwa zinangoja, na wanunuzi siku ile walikuwa wachache.

Mzee mmoja mwenye kanzu iliyochakaa akasogea, akaweka fimbo yake juu ya mdomo wa debe, akaipitisha. Mbegu zikamwagika juu ya turubai la mama.

"Mwanangu," akasema, "debe linaishia hapa."

"Shikamoo, babu," kijana akajibu kwa haya. "Nami huko mjini hupimiwa vivyo hivyo."

Tulimwamini, na hilo ndilo lililotuhuzunisha zaidi.

Debe la pili lilipimwa sawa. La tatu likaota kilemba kidogo. Mzee alikuwa amekwenda kutia udhu, kwani Adhuhuri ilikuwa imekwisha kuadhiniwa.