Maji Hayasemi Yalikopita

Ukishuka Kiwayu, ewe msomaji, hutasikia honi wala hutaona alama ya gurudumu la motokaa mchangani. Kisiwa chetu ni kirefu na chembamba, kimelala baina ya bahari kuu na nchi kavu, huko mwisho wa visiwa vya Lamu upande wa kaskazini, na safari zake zote ni za majini. Kwa hiyo huenda ukastaajabu kwamba mimi, mzaliwa wa huko, nataka kuzungumza nawe juu ya motokaa kuukuu ivujayo. Nivumilie kidogo. Kabla ya kufika penye motokaa sina budi kukupandisha mashua, kwa maana yote niyajuayo juu ya kuvuja nilijifunza mashuani, na sehemu moja ya elimu hiyo niliipata kwa aibu.

Chombo cha mbao huvuja. Asiyekubali neno hili hajapata kulala chomboni. Wazee wetu Wabajuni walisafiri kwa mitepe, ambayo mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba pasipo msumari. Vyombo vya kushonwa vya pwani hii vilikwisha kutajwa katika Periplus, kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza. Mtepe ulikuwa na sifa ya kunepa: ulipogusa fungu la mchanga ulijikunja kidogo ukanusurika. Lakini maji yalipenya katika matundu ya kamba mchana na usiku, na mfua maji hakuwa na mapumziko. Mitepe ikatoweka katika karne ya 20, yakabaki majahazi na mashua za misumari. Misumari nayo ikaja na maradhi yake. Hupata kutu, kutu ikala mbao kandokando, na hatimaye tundu huwa kubwa kuliko msumari wenyewe.

Mashua ya ami yangu ilinizidi umri. Kila mwaka kusi ilipochafuka ilivutwa ufukoni juu ya magogo, na kabla ya kaskazi kuanza ilitengenezwa. Kwanza ilikwanguliwa makome, kisha ikachomwa chini kwa miali ya makuti makavu ili kuua funza wa baharini walao mbao. Baadaye ami alizunguka na nyundo ndogo akigonga ubao baada ya ubao, sikio lake karibu. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao uliooza hujibu kama boga lililolala. Ndipo ikaja kazi ya kalafati. Pamba kuukuu hutolewa katika maungo ya mbao, na pamba mpya, iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, hushindiliwa kwa chembeu, ile patasi butu ya waunda vyombo. Kazi hii yataka mkono wa kadiri. Ukitia pamba haba maji hupita. Ukitia nyingi na kuipiga kwa hasira, mbao zitakapovimba zitasukumana hata misumari ilegee. Mwisho hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu, na chombo huonekana kipya kabisa.

Hilo la kuonekana kipya ndilo lililonipotosha. Mwaka 1985 nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ami alinikabidhi ungo mmoja wa mbao, wa chini kabisa, karibu na mkuku, upande wa kushoto wa omo. Ili kuufikia ilinibidi nilale chali mchangani, mafuta yakinidondokea machoni. Wenzangu walikuwa wakicheza mpira mbele yangu. Jua lilipoanza kuinama nilikuwa nimebakiwa na kadiri ya shubiri moja tu. Nikachukua deheni nikaipaka juu ya shubiri ile, nikanawa mikono, nikaenda kucheza. Ami alipopita kukagua aliona weupe mtupu.

Mashua ikashushwa. Sasa yakupasa ujue kwamba mbao zilizokaa juani muda mrefu hukauka na kuachana, na zikirudishwa majini hunywa, huvimba na kukumbatiana tena. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna mtu ashangaaye kufua maji. Siku ya pili maji yalipungua. Siku ya tatu yalikuwa kama ya siku ya pili, na ami akakunja uso. Aliyachota kwa kiganja, akayaonja, akasema, "Haya ni ya bahari, si ya mvua." Mimi nilitazama pengine.

Siku ya nne tulimchukua bibi yangu kwenda arusini Faza. Alipakia kasha lake la nguo, akaketi juu ya mkeka kama malkia. Upepo wa kaskazi ulitoka nyuma, tanga likajaa, na omo ikawa inalala mbele kwa nguvu ya upepo. Tulipofika katika mlango ulio baina ya Kiwayu na Ndau, mahali ambapo mawimbi ya bahari kuu huingia, maji ya ngama yakaanza kupanda upesi. Baharia mmoja alishika upo, mwingine ndoo, na ami akang'oa mbao za sakafu upande wa tezi, maana huko ndiko maji yalikojaa. Alipapasa kila msumari. Hakuona kitu.

Wewe umekwisha kufahamu, nami nilifahamu kabla yako. Maji yaliingia omo, yakateremka chini ya sakafu pembeni mwa mkuku, yakajikusanya mahali pa chini kuliko pote. Nilijua, nikanyamaza. Nilinyamaza muda wa kuvuka nusu ya mlango ule, huku nikifua maji kwa bidii kubwa kuliko watu wote, kana kwamba bidii ingelipa deni. Bibi alikuwa anafua kwa bakuli lake la kulia. Kasha la nguo lilianza kuelea likigonga mguu wangu, na kugonga kule ndiko kulikonifungua kinywa.

"Ami," nikasema, "si huko. Ni omo, upande wa kushoto, chini. Sikukalafati."

Akaniangalia. "Kiasi gani?"

"Shubiri moja."

Hakuongeza neno. Aliamuru tanga litelemshwe ili omo iinuke, akalala kifudifudi na mikono ndani ya maji, akatafuta kwa vidole. Bibi alifungua kasha, akatoa leso, akaichana kwa meno. Ami aliupaka mpasuo ule shahamu, akaushindilia katika ufa kwa mgongo wa kisu. Maji hayakukoma, lakini yalipungua hata yakawa ya kushindwa na mikono ya watu wawili. Hivyo ndivyo tulivyofika Faza, tumelowa sote, na nguo za arusi zimeingia chumvi. Bibi aliazima leso kwa jamaa. Kila aliyemwuliza kulikoni alijibiwa, "Mjukuu wangu amenivika bahari." Watu walicheka sana.

Tuliporudi, ami aliilaza mashua mchangani, akanipa chembeu, akaketi kivulini. "Toa pamba yote ya ungo ule," akasema.

"Hata niliyoitia vizuri?"

"Sasa mimi nitaijuaje iliyotiwa vizuri?"

Sikuwa na jibu wakati ule, wala sina leo. Niliitoa yote, nikaanza upya, na kazi ile iliniweka chini ya mashua hata adhana ya magharibi.

Basi na tuje kwenye motokaa. Mwaka 2011, nikifanya kazi Mombasa, nilinunua gari dogo la milango minne, lenye umri wa miaka kumi na minane, rangi yake nyeupe kama deheni mbichi. Masika ilipofika, zulia lililo chini ya miguu ya abiria wa mbele likawa chepechepe. Fundi wa kwanza alibadili mpira wa mlango. Fundi wa pili alipaka gundi pembeni mwa kioo cha mbele. Niliwalipa wote wawili, na mvua iliponyesha maji yakarudi mahali pale pale. Walikuwa wanatibu palipolowa, kama ami alivyopapasa misumari ya tezi. Methali yetu hutuhimiza kuziba ufa. Waliotunga methali ile walikuwa wanautazama ufa wao ukutani, heri yao.

Nikaamua kufanya kwa desturi ya ufukoni. Niling'oa viti na zulia nikavianika siku mbili, kwa kuwa penye unyevu wa jana huwezi kuona maji ya leo. Kisha nikauliza kama ami: haya ni maji gani? Motokaa ina maji ya namna tatu yawezayo kulowesha sakafu. Yako ya mvua. Yako ya kipozahewa, ambayo huonekana hata siku ya jua kali mrija wake wa kutolea nje ukiziba. Na yako ya rejeta, yenye rangi na utelezi, ambayo hufika ndani kwa mabomba ya kipasha joto. Haya ya mwisho usiyaonje kamwe, maana dawa itiwayo humo ni sumu. Yangu yalikuwa meupe yasiyo na utelezi, na yalikuja kwa mvua tu.

Mwanangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliingia ndani na kurunzi. Mimi nilisimama nje na mpira wa maji, nikaanza chini. Hapo wengi hukosea: huanza kwa kumwagia paa, gari lote likalowa, na wasijue chochote. Nilimwagia chini ya mlango nikangoja, kisha mlango wenyewe nikangoja. Nikueleze siri moja ya mlango wa motokaa, kwa kuwa hata mimi ilinishangaza: umeundwa ili maji yaingie ndani yake. Mvua hupita penye mpira wa kioo, hushuka ndani ya mlango, hutokea vitundu vilivyo chini, na karatasi ya nailoni iliyo nyuma ya ubao wa ndani huyazuia yasifike chumbani. Fundi akiichana karatasi ile alipokuwa akitengeneza kitasa, au vitundu vikiziba, mvua huhamia kwenye zulia. Nyuma nako, raba za taa zikikauka, maji huingia butini na kujaa chini ya gurudumu la akiba, mahali ambapo naweza kupaita ngama ya motokaa.

Mlango wangu ulikuwa mzima. Nilipopandisha maji hata chini ya kioo cha mbele, penye wavu ambao hewa huingilia, nilimsikia mwanangu akipiga kelele, "Baba, yaja! Yaja kwa juu!" Nikafungua boneti. Chini ya wavu ule mna mfereji wa bati wenye matundu ya kutolea maji, nao ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini yaliyooza yakawa udongo. Gari lilikuwa likilala chini ya mwarobaini kila siku. Matundu yamezibwa, mfereji hujaa, na maji huvuka ukingo na kuingia katika njia ya hewa, yakateremka nyuma ya ubao wa saa hata miguuni kwa abiria. Mpira wa mlango ulihukumiwa bure. Niliuzoa udongo ule kwa chembeu, ile ile, ambayo ami aliniachia alipofariki.

Maji yalikoma, lakini yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yake. Niligonga sakafu kwa mpini wa bisibisi: hapa chuma, hapa chuma, hapa boga. Nikapitisha sumaku kwenye kizingiti cha chini ya mlango, ikashika, ikashika, kisha ikaanguka. Kutu ilikuwa imekula bati, na mtu alikuwa amejaza fila, ule uji mgumu wa mafundi, akaulainisha na kuupaka rangi nyeupe. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi hushika unyevu, hivyo kutu iliyofunikwa huku kwetu hailali. Nilitaka kumkasirikia mtu huyo. Sijui kama ndiye aliyeniuzia au ni mwingine kabla yake. Nikajaribu kumkasirikia kwa muda, lakini hasira haikukaa, kwa sababu mkono ule niliujua vizuri, nilikuwa nimelala nao chali mchangani jua likitua.

Nilimpelekea fundi wa bodi. Akauliza akate hadi wapi, maana upande wa nyuma ulionekana haujambo. Nikamwambia akate hadi aone chuma king'aacho, na alipofika huko kiraka kilikuwa kirefu mara tatu ya tulivyokadiria. Iligharimu mshahara wangu wa mwezi na zaidi.

Gari lile nililiuza mwaka 2016. Mnunuzi alikuwa kijana, mwalimu aliyeajiriwa karibuni. Alilizunguka, akalisifu rangi, akafungua na kufunga milango, akaniambia bei yangu ni ya haki. Nikamwomba angoje. Nikainua zulia nikamwonyesha kiraka, nikafungua boneti nikamwonyesha mfereji, nikamwambia habari ya majani. Alisimama kitambo akitafuna mdomo. Kisha akapunguza bei kwa shilingi 20,000. Nikakubali, nikamkabidhi na ufunguo wa akiba.