Mtandao Usiohitaji Intaneti

Neno mtandao limebebeshwa mzigo mzito katika Kiswahili cha sasa. Limetokana na kitenzi tanda, likawa jina la karibu kila kilichotandaa: intaneti ni mtandao, mawimbi ya simu ni mtandao, na hata kundi la wanasiasa lililompigania Jakaya Kikwete kuelekea uchaguzi wa Tanzania wa 2005 liliitwa Mtandao. Wanaisimu wataona hapo upanuzi wa maana, nao hawatakosea. Hata hivyo, upanuzi huo una gharama, ambayo mara nyingine hulipwa kwa shilingi.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Silanga, kijiji cha Kibera kilicho karibu na Bwawa la Nairobi, alikuwa na kompyuta mbili za mtumba nyumbani mwake. Ile ya mezani ndiyo iliyokuwa na printa. Kipakatalishi kilihifadhi mitihani iliyotakiwa shuleni Jumatatu asubuhi. Flashi hakutaka hata kuiona, kwa kuwa ya mwisho ilimletea virusi vilivyoharibu kazi ya muhula mzima. Akanunua waya, akaziunganisha kompyuta hizo. Kipakatalishi kikamwandikia kwa Kiingereza kwamba hakuna intaneti, naye akasoma kwa Kiswahili chake: hakuna mtandao. Akafanya ambalo mwenye simu yeyote angefanya. Alinunua kifurushi cha data.

Mtoto wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo cha ufundi, alifika Jumamosi alasiri.

"Shangazi, hapa hatuhitaji intaneti hata kidogo. Hizi mbili zinatafutana zenyewe."

"Mbona basi inasema hakuna mtandao?"

"Imesema hakuna intaneti. Mtandao ni huu waya."

Kijana alianzia chini kabisa, na hapo ndipo penye busara ya kazi hiyo. Alitazama vitaa vidogo kwenye tundu la waya, viliwaka. Zamani kompyuta mbili zilihitaji waya maalumu, ambamo nyuzi za kutumia na za kupokea zimepishanishwa, la sivyo zote zingesema katika uzi mmoja na kusikiliza katika mwingine. Mashine za miaka ya karibuni hujipanga zenyewe.

Waya ukiwa mzima, alikagua anwani. Kompyuta ya mezani ilikuwa bado na anwani iliyopewa katika ofisi ilikotoka, 192.168.1.10. Kipakatalishi kilikuwa kimejipa chenyewe anwani inayoanza na 169.254, kama ifanyavyo Windows isipopata wa kuigawia. Anwani za 192.168 zilitengwa kwa matumizi ya ndani, na hurudiwa katika majumba yasiyo na idadi duniani bila kugongana. Mkazi wa Silanga haoni ajabu: "nyumba iliyo mkabala na bomba" inamfikisha mgeni vizuri, mradi yumo katika kijiji kile kile. Kompyuta hizi mbili zilikuwa kama wageni walioelekezwa bombani katika vijiji tofauti. Kijana akakipa kipakatalishi 192.168.1.11.

Akajaribu amri ya ping. Kutoka kwenye kompyuta ya mezani, kipakatalishi kiliitika. Kutoka kwenye kipakatalishi, kimya. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani waya umekufa, ilhali kimya cha upande mmoja huonyesha kuwa njia ipo na mlango ndio uliofungwa. Ukuta wa ulinzi wa kompyuta ya mezani ulikuwa ukikataa wito. Hakuuzima wote, kama wafanyavyo mafundi wenye haraka. Aliruhusu ushirikiano wa faili na printa tu.

Likabaki la mwisho, lililowachelewesha karibu saa nzima. Kompyuta ya mezani ilidai jina na nywila, na mwalimu hakuwa amewahi kuiwekea nywila yoyote. Kumbe Windows humruhusu asiye na nywila kuingia akiwa ameketi mbele ya kompyuta yenyewe, lakini humkatalia akibisha kupitia waya. Shangazi akachagua nywila, akaiandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Kijana alikunja uso, ila hakusema neno.

Kabla ya magharibi karatasi za kwanza za mtihani wa Insha zilitoka kwenye printa. Kifurushi kile cha data kilikwisha muda wake Jumapili usiku, kikiwa hakijaguswa.