Korongo wa Gangjin

Gangjin iko kusini kabisa mwa Rasi ya Korea, na basi la kutoka Seoul huchukua zaidi ya saa nne kufika. Usitarajie mji mkubwa. Utakuta mashamba ya mpunga, ghuba yenye matope na matete, na vilima vya misonobari. Watalii wengi hawafiki huku, na wanajinyima. Katika vilima hivyo, hasa upande wa Daegu-myeon, ndimo walimofanya kazi wafinyanzi wa enzi ya Goryeo (918–1392). Magofu ya matanuri yao yaliyogunduliwa katika wilaya hii yanapita 180.

Walikuwa wakitengeneza seladoni, yaani vyombo vya udongo mgumu vilivyovikwa kioo chembamba cha kijani kinachokaribia buluu. Watu wa pwani yetu wanaijua seladoni ya Kichina, maana vipande vyake vimefukuliwa Gedi na Kilwa. Wachina ndio waliotangulia katika ufundi huu. Hata hivyo Xu Jing, mjumbe wao aliyefika Korea mwaka 1123, aliisifia rangi ya vyombo alivyovikuta kwa wenyeji wake.

Mimi lakini sikuvutwa na rangi. Nilivutwa na korongo wanaoruka katikati ya mawingu kwenye mabakuli na mitungi. Hawakuchorwa kwa brashi. Katika karakana iliyo kwenye makumbusho ya seladoni, fundi hushika bakuli ambalo halijakauka sawasawa, akachonga ndege kwa kisu chembamba: shingo, miguu, unyoya mmoja mmoja wa bawa. Kisha hulipaka udongo mweupe, likachafuka lote. Asiyejua atadhani kazi imeharibika. Udongo ukishika, huukwangua polepole, ukabaki ndani ya michongo tu. Mdomo na miguu hujazwa udongo wenye chuma, ambao motoni hugeuka mweusi. Ufundi huu huitwa sanggam, na ulifikia kilele chake katika karne ya 12.

Bado moto. Bakuli huchomwa mara ya kwanza, huchovywa katika uji wa majivu na madini, kisha hurudishwa tanurini kwenye joto linalozidi nyuzi 1,200. Hapo hewa hubanwa makusudi, kwa kuwa chuma kidogo kilichomo hutoa kijani pale tu moto unapokosa oksijeni. Hewa ikipenya, chombo hutoka cha manjano au kahawia. Mfinyanzi wa Gangjin hana huruma na chombo cha namna hiyo: hukivunja.

Kazi hiyo yote ilikuwa ya wakubwa. Mwaka 1157 Mfalme Uijong alijenga banda la starehe lililoezekwa kwa vigae vya seladoni. Wengi walidhani ni chumvi ya waandishi wa zamani, mpaka vigae vyenyewe vilipofukuliwa Sadang-ri, hapahapa Gangjin, katika miaka ya 1960. Vyombo vilipakiwa merikebuni kupelekwa mji mkuu, Gaegyeong, na si vyote vilivyofika. Mwaka 2007 mvuvi wa Taean, pwani ya magharibi, alivua pweza aliyeng'ang'ania kisahani cha seladoni. Wapiga mbizi walipoteremka, walikuta shehena ya vyombo zaidi ya 20,000, pamoja na vibao vya mbao vilivyoandikwa mzigo umetoka Tamjin, jina la zamani la Gangjin, na nani wa kuupokea. Namshukuru pweza yule kuliko wanahistoria kadhaa.

Ukichoka na vyombo, vuka daraja la waenda kwa miguu hadi kisiwa cha Gaudo ukapunge upepo wa ghuba.

Vyombo bora kabisa viko Seoul, katika Makumbusho ya Taifa, kikiwemo chetezo maarufu kilichobebwa na sungura watatu. Wageni wengi huishia huko. Ushauri wangu ni kwamba uanzie Gangjin, ukaone kisu kikifanya kazi, ndipo uende Seoul.