Hapo Tu

Ndugu zangu wa Litein,

Habari za baridi nimeziandika hadi zimewachosha. Leo nina neno moja tu, la mzee tunayechangia naye ukuta hapa Leeds.

Nyumba za mtaa huu zimeshikana kama punje kwenye gunzi. Mzee akikohoa usiku namsikia, na bila shaka naye husikia redio yangu. Hata hivyo ilipita miezi saba bila sisi kuzungumza, hadi upepo ulipolileta pipa lake la taka mlangoni kwangu. Nilipomrudishia, akaniambia ameishi hapo “nigh on” miaka 40.

Nigh! Mimi nililijua kutoka kwa Biblia ya Kiingereza ya 1611, sikudhani bado lina mwenyewe. Nikafungua kamusi. Zamani za Waingereza neno la karibu lilikuwa “neah”, ndilo hilo nigh. “Near” lilimaanisha karibu zaidi, na “next” karibu kuliko yote. Watu wakasahau, near likakalia kiti cha nigh, ikabidi watunge “nearer”, ambalo kwa hesabu ya wahenga wao ni karibu zaidi zaidi. Nigh likabaki kwa wazee na washairi.

Lakini halikufa. Limejificha ndani ya “neighbour”: neah, na “gebur”, yaani mkaaji, mkulima. Jirani ni mkulima wa karibu. Jirani letu sisi limetoka Uarabuni, na huko ni neno la wingi. Mmoja ni “jar”. Hilo limenipendeza mno. Sisi Wakipsigis nasi tuna kokwet, watu wa ujirani wanaoketi chini ya mti kuamua mambo yao, na sijawahi kuona kokwet ikipimwa kwa mita.

Mgeni akimuuliza mama kwa fulani ni wapi, mama huchongoa midomo kuelekea Mogogosiek: “Hapo tu.” Hiyo hapo tu ina mabonde mawili, mto mmoja na mvua ya saa tisa. Ila huyo wa hapo tu ndiye aliyekuja mwaka ule mama alipoumwa mgongo, akajitwika kikapu cha mama chenye majani mabichi ya chai na kukimbia nacho hadi kituoni kabla lori la kiwanda halijaondoka. Karani alipima, akaandika kilo kwa jina la mama. Jioni risiti ikaletwa, imelowa, imekunjwa mara nne.

Basi mzee akaniita chai. Paketi ilijaa sifa, Kericho kwetu haikutajwa. Nikamweleza kwamba chai yetu hupigwa mnada Mombasa, kisha huku huchanganywa na ya nchi nyingine, kwa hiyo huenda kikombeni mwake mlikuwa na majani ya mama. Akakitazama kikombe kwa muda mrefu. (Chai yenyewe, jamani, maziwa tone moja!) Akauliza nigh kwetu tunasemaje. Nikamwambia: karibu.

Jumamosi natoa pipa langu, nikamwona amesimama mlangoni. “Karibu!” akapaza sauti. Sikuwa nimemfundisha ile maana nyingine, na sikujua kama ananialika au ananieleza tu niliposimama.

Niliingia.