Ua wa Mabati na Nguzo ya 13

Wasomaji wangu, somo letu la hifadhidata litasubiri kidogo. Niliahidi kitambo kueleza ule ua wangu wa nyuma ya nyumba, na kila nikikaa kuandika naona haya. Leo acha niyamalize.

Ninaishi nje kidogo ya mji wa Ngong. Upande wa nyuma kulikuwa na kayaba iliyozeeka na kutoboka, na kuku wangu walikuwa wakipenya kwenda kula sukuma wiki za mama jirani. Mama huyo ni mpole, lakini upole una kikomo. Februari 2024 nikaamua kujenga ua wa mabati, mita 30 kutoka kona hadi kona.

Nilifungua tarakilishi, nikaandika lahajedwali la kupendeza. Nguzo za mtarakwa, moja kila mita 2.5. Gawanya 30 kwa 2.5, unapata 12. Nikanunua 12.

Unacheka? Ni haki yako. Katika kazi yetu kuna kosa ambalo limepewa jina la nguzo za ua hasa: unahesabu nafasi ukidhani unahesabu nguzo. Nafasi 12 zinahitaji nguzo 13, kwa sababu mwisho wa mstari nao unataka wake. Nimelisahihisha kosa hilo katika kodi za watu (si kodi ile ya KRA) mara nyingi sana, kisha nikalifanya kwa pesa zangu. Fundi alifika kona ya mwisho, akasimama na sururu mkononi, akaniangalia tu. Nikapanda bodaboda kutafuta nguzo ya 13.

Hilo lilikuwa kosa dogo. Kubwa lilikuwa kwenye mashimo. Fundi, mzee aliyejenga nyua nyingi mtaani kwetu, alitaka mashimo ya futi tatu. Mimi nikasema futi moja na nusu zinatosha, mradi tumwage saruji. Lahajedwali lilionyesha nitaokoa mifuko kadhaa ya saruji na siku mbili za kibarua. Mzee akatikisa kichwa. "Kijana, hapa upepo hauna adabu." Nikamwambia mabati si mazito, nguzo hazibebi kitu.

Nami nasema hayo huku vilima vya Ngong viko mbele yangu, na juu yake mitambo ya upepo ya KenGen. Ya kwanza iliwekwa pale mwaka 1993. Hawakuipeleka kule kwa ajili ya mandhari.

Usiku mmoja wa Aprili, mvua ikiwa imelowesha udongo siku nyingi, upepo ulikuja saa nane. Nilisikia mlio mrefu, halafu kishindo. Asubuhi nguzo tisa zilikuwa zimeng'oka na saruji yake chini, kama jino na mzizi wake. Mabati yalikuwa yamelala upande wa pili, juu ya zile zile sukuma wiki nilizokuwa nikizilinda.

Mama jirani alikuwa ameshaanza kuokota misumari na kuitia kwenye mkebe. Hakunigombeza. Aliinua pembe ya bati moja, akanionyesha mpira wa makaratasi uliobanwa chini yake. Kijana wake, wa miaka sita, huchezea hapo kila jioni. "Jirani, shukuru ilikuwa usiku," akasema, akaendelea kuokota.

Siku hiyo sikufanya kazi. Jioni nilipiga hesabu ambayo ningeipiga kabla ya kununua hata msumari. Upepo unaosukuma ukuta ulio wima una nguvu, kwa kila mita mraba, inayokaribia 0.6 mara kasi kwa kipeo cha pili. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ni mita 20 kwa sekunde, yaani nyutoni 240. Nafasi moja ya ua wangu ina mita mraba tano: nyutoni 1,200, sawa na uzito wa kilo 120 hivi ukiegemea kila nguzo. Na ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Bati si zito, kweli. Ni tanga.

Tulirudia kazi. Mzee alikuja bila maneno mengi, nikampa neno la mwisho katika kila kitu. Mashimo futi tatu. Mabati hayapigwi tena kama ukuta: moja mbele ya mbao, linalofuata nyuma yake, ili upepo upate pa kupita. Chini tuliacha sentimita kumi, na hapo tukaweka wavu wa kuku. Bati likikaa ndani ya udongo wenye maji, zinki yake huisha upesi na kutu huanza. Kukata tulitumia mkasi wa bati badala ya grainda, ambayo joto lake huunguza zinki kando ya mkato. Misumari ya mkebe ilitumika yote iliyonyooka.

Sukuma wiki nililipa. Mama jirani alikataa pesa, akachukua miche na mfuko wa mbolea, akaomba pia nimwachie kimlango kidogo cha kupitia akija kuchota maji. Nimekiweka kati ya nguzo ya 12 na ya 13. Kijana wake amegeuza bati la tatu kuwa goli, na naandika haya katikati ya mechi.

Wiki ijayo, hifadhidata.